Mkono wauma na bado wataka bahari: vile utachagua kayaki ya pedeli hapa Mombasa

Kama ushapiga kafi ukasikia bega lachoma mpaka usiku huwezi kulalia upande ule, au kiwiko chauma hata kuinua kikombe cha kahawa kesho yake ni kazi, hii nimekuandikia wewe. Wengi wakifika hapo huiacha bahari kabisa na mimi roho huniuma nikiona hivo, manake bahari haijamkataza mtu, kinachomkataza ni kafi. Kila ukivuta kafi bega lapanda na kuzunguka, vidole vyabana mti, kifundo cha mkono chajipinda, halafu upande wa pili hivohivo, na kwa saa moja tu hayo ni mamia ya mara, mshipa ulioumia haupati hata nafasi ya kupumua. Kayaki ya pedeli yaitoa kazi ya kusukuma kwa mikono na kuipa mapaja, na mapaja ndo yenye misuli mikubwa, wewe umeegemea kiti, miguu mbele, mikono imetulia.

Lakini kuna jambo ambalo muuzaji hatakwambia haraka. Pedeli haimalizi kazi ya mkono. Yaupumzisha ukiwa ushaanza safari, ila kabla na baada ya hapo mkono bado waitwa: kuifikisha kayaki majini, kuuinua mtambo, yani ile mashine ya pedeli, na kuuteremsha kwenye tundu lake, kushika usukani, kuvuta kamba za hapa na pale, kupiga kafi mtambo ukigoma, na kubwa kushinda zote, kujirudisha juu ukipinduka. Kwa hivo usianze na ipi yaenda mbio au ipi nzuri ya kuvulia. Anza na swali hili: hii kayaki yaniachia mkono kazi gani, na hio kazi nitaiweza siku mkono umeamka vibaya? Mengine yote nitakayosema yatoka kwa hilo swali.

Kwanza jua hasa pauma wapi, sababu maumivu tofauti yataka kayaki tofauti. Mwenye bega bovu, ile misuli midogo inayolizunguka imechakaa au bega limeganda (na hili la kuganda huwapata sana wenye sukari), shida yake ni kuinua mkono juu na kujivuta. Mwenye kiwiko, ile ya upande wa nje, shida ni kubana kitu kwa nguvu huku kifundo kimekaza. Mwenye ganzi ya gumba na vidole viwili vinavyofuata, yule anayeamka usiku akiutikisa mkono, yeye shida ni kushika kitu kwa muda mrefu kifundo kikiwa kimepinda. Kuna wenye baridi yabisi ya vidole, kamba nyembamba kwao ni adhabu. Na kuna waliopata kiharusi upande mmoja umebaki dhaifu, hapo hata swali la usukani uko kulia au kushoto laamua kila kitu. Ukienda kwa daktari au fizio usimuulize "naweza kupanda kayaki?", atakujibu jaribu pole pole, utarudi nyumbani huna kitu. Muulize mambo yenye jibu. Naweza kuinua kilo ngapi kwa mkono huu? Naruhusiwa kuupeleka juu ya bega? Naweza kujivuta kwa mikono miwili? Na kama bega lako liliwahi kutoka mahali pake muulize wazi kuhusu ile hali ya mkono kuwa umeinuka na umeenda nyuma, sababu ukiwa umening'inia kwenye kayaki na wimbi likaivuta, ndo hali yenyewe hio, na ndo hapo bega hutoka tena.

Ukishapata majibu hayo yaandike kwenye simu, utayatumia ukiwa mbele ya muuzaji.

Sasa mitambo. Kuna aina mbili na hapa nataka tukae kidogo.

Ya kwanza ni ya mapezi. Hobie, kampuni ya California, waliitoa mwaka 1997 wakaiita MirageDrive. Chini ya kayaki kuna mapezi mawili yanayopepea kwenda upande huu na upande ule vile afanyavyo pengwini, na juu wewe wasukuma pedeli moja mbele nyingine yarudi. Mguu hauzunguki. Waweza kupiga hatua ndefu, waweza kupiga hatua fupi fupi za inchi chache na kayaki yaenda tu, na hio kwa mtu ambaye pia goti halikunji vizuri ni neema. Ya pili ni ya propela: miguu yazunguka kama kwenye baiskeli na gia zilizoko ndani zazungusha propela chini ya maji. Native Watercraft yao waiita Propel, Old Town yao ni PDL, na siku hizi viwanda vingine vingi vyatengeneza za aina hio, bei juu na bei chini.

Watu hubishana sana ipi bora na wengi hubishana kuhusu mwendo, lakini kwa mtu wa mkono tofauti iko kwengine kabisa. Iko kwenye kurudi nyuma na kwenye kuinua mtambo.

Kurudi nyuma kwanza. Propela ukizungusha pedeli kinyume kayaki yarudi, basi, mkono haujagusa kitu. Mapezi ya zamani hayarudi nyuma kabisa, ukitaka kurudi uchukue kafi. Yale mapya zaidi, MirageDrive 180 kwa mfano, yarudi, ila lazma uvute kamba kwa mkono ili mapezi yageuke, halafu uvute tena yakae vile yalivokuwa. Mara moja moja si neno. Lakini kama unavua karibu na nguzo za gati au mikoko na wataka kusimama, kurudi, kusogea, kila dakika wavuta kamba, na vidole vyenye baridi yabisi vitakwambia jioni. Mtu wa vidole na kifundo mimi namwambia aanze kuangalia propela.

Kuinua mtambo ni kinyume chake. Mtambo wa propela mara nyingi una kilo 7 hadi 10, wa mapezi huwa karibu nusu ya hapo au chini. Kilo 10 waona kidogo ukiwa umesimama jikoni, lakini hapa umekaa, miguu imenyooka, mtambo uko mbele yako katikati ya magoti, na wauvuta kwenda juu mikono ikiwa imenyooka mbele ya mwili. Hio ndo kazi mbaya kushinda zote kwa bega. Na utaifanya kila ukikaribia ufukweni, sababu propela yahitaji maji ya karibu nusu mita la sivyo yagonga chini. Mapezi ukifika maji mafupi wasukuma pedeli moja mpaka mwisho mbele, yote mawili yalala bapa chini ya kayaki, wapita, mkono uko pajani. Kwa hivo mtu wa bega, mapezi. Ukiwa umeipenda ya propela, basi tafuta ile ambayo mtambo wake wajikunja juu kwa kuuegemeza, sio ile ya kuuchomoa wote, na ujaribu mwenyewe ukiwa umekaa kwenye kiti, sio umesimama pembeni.

Halafu kuna bahari yetu yenyewe. Ukitoka Nyali mpaka Bamburi, ndani ya mwamba, chini kumejaa nyasi za bahari na vichwa vya matumbawe, na maji yakipwa pengine hata magotini hayafiki. Nyasi zapenda kuzunguka propela, na mshipi wa mvuvi uliokatika ndo mbaya zaidi, wajifunga kwenye shafti mpaka usimame ukate kwa kisu. Mifuko ya plastiki imepungua tangu ipigwe marufuku 2017 lakini mishipi na vipande vya gunia viko. Mapezi nayo hushika nyasi ila mara nyingi zajiondoa ukipepea mara mbili tatu. Shida ya mapezi ni jiwe, pezi likigonga tumbawe kwa nguvu chuma chake chapinda, kwa hivo kama wapata toleo ambalo mapezi yajikunja yenyewe yakigonga, lipa hio tofauti. Na wewe usigonge matumbawe, yachukua miaka mingi kukua.

Usukani watu huupita haraka na si wa kupita haraka. Ndo kitu pekee mkono utakishika safari nzima. Kayaki nyingi za pedeli kishikio cha usukani kiko kushoto, na kama mkono wako mbovu ni wa kushoto hio kayaki ushaikosa kabla hata hujauliza bei, isipokuwa kuna namna ya kukihamisha au vishikio viko pande zote mbili. Uliza hilo mapema. Halafu fanya hivi: kaa kwenye kiti kayaki ikiwa nchi kavu, mtu akunyanyulie tezi, yani nyuma ya kayaki, ili usukani uwe hewani, wewe shika kishikio kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, na uzungushe kutoka mwisho wa huku mpaka mwisho wa kule. Kiwiko kibaki kimegusa ubavu. Kama vidole viwili havitoshi, au kiwiko chatoka ubavuni kukitafuta kishikio, hio haikufai hivo ilivo. Pengine ni kamba tu zimekazwa sana au mirija zinamopita imejaa chumvi na mchanga, muuzaji ailegeze na kuisafisha mbele yako na ujaribu tena, asikwambie italegea yenyewe. Kishikio chembamba sana kizungushie utepe wa raketi au mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande virefu mpaka kinenepe, kitu kinene hakitaki kubanwa kwa nguvu. Na angalia kamba ya kushusha na kupandisha usukani iko wapi, kuna kayaki iko nyuma ya bega, lazma ujinyonge kuifikia.

Uzito sasa. Kayaki ya pedeli ya plastiki ya mtu mmoja ni mita 3 hadi 4 hivi, na ukiweka kiti na mtambo nyingi ziko kati ya kilo 35 na 60. Hizi si zile za kukodisha ufukweni ambazo vijana wawili wazishika kwa mkono mmoja mmoja. Ami yangu amevua na mtumbwi maisha yake yote na bega la kulia limemwisha, nilimpeleka kuona moja iliyokuwa yauzwa Mkomani. Mwenye kayaki akamwonyesha kiti, akamwonyesha pa kuweka mishipi, ami amenyamaza, akazunguka nyuma akashika kishikio cha tezi akajaribu kuinyanyua kidogo, akaiacha. Nikamuuliza, "Ami, wasemaje, itakufaa?" Akasema, "Mwanangu, majini sina wasiwasi nayo. Nionyesheni vile itafika majini." Yule muuzaji hakuwa na jibu tayari, na mtu yeyote anayekuuzia kitu hiki lazma awe na jibu.

Jibu lenyewe lina sehemu tatu. Moja, kigari cha magurudumu, tena magurudumu mapana ya kujaa upepo, yale membamba magumu yazama kwenye mchanga wetu na utavuta mpaka ulie. Kuna vigari vya kuchomeka vijiti kwenye matundu chini ya kayaki, hivo vyataka uinyanyue kayaki juu, viache. Chukua cha kukaza kwa mikanda: wakilaza karibu na tezi, waipandisha tezi tu, wakaza, halafu wavuta kwa omo, yani upande wa mbele. Na usivute kwa vidole, funga mkanda mpana kwenye kishikio cha omo upitishe kifuani au kiunoni, uende mbele kwa uzito wa mwili. Mbili, gari. Kupandisha kilo 40 juu ya paa la gari ni kazi ya mabega kabisa, usijidanganye. Pikapu au trela ya chini ndo sawa, waegemeza omo kwenye ukingo, wazunguka nyuma, wasukuma kwa nyonga. Mtambo, kiti na kila kinachotoka kitoe kwanza, ubebe kimoja kimoja. Tatu, majira ya maji. Hapa kwetu bamvua maji yapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakipwa kule Bamburi au Shanzu utaikuta bahari iko mbali, mamia ya mita za mchanga na mawe na nyasi, yani hio safari ya kuvuta yaweza kumaliza mkono kabla hujakanyaga pedeli. Panga kushuka masaa mawili hivi kabla maji hayajajaa na urudi kabla hayajaenda mbali. Halmashauri ya Bandari hutoa jedwali la maji kila mwaka, na kama huna muulize mvuvi yeyote, atakwambia kwa mwezi tu: mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, katikati ni maji mafu na hapo bahari haiendi mbali sana. Mimi kwa mtu wa mkono napenda maji mafu, mkondo nao huwa mpole.

Vijana wa ufukweni watakusaidia kubeba, wala usione haya, kubalianeni bei mapema na uwaonyeshe pa kushika, omo na tezi kwenye vishikio, sio kwenye usukani.

Kuna na za kujaza upepo zenye pedeli, ni nyepesi kuliko za plastiki na zakunjwa zikaingia kwenye buti. Ni wazo zuri sana kwa anayekaa ghorofa. Ila pampu ya mkono ni bega, bega, bega tupu, kwa hivo hesabu na pampu ya umeme ya kuchomeka kwenye gari, na siku zote zikaushe kabla hujazikunja.

Sasa tufike kwa kupinduka, na hapa nakuomba usome pole pole hata kama mengine uliruka. Kayaki za pedeli karibu zote ni za kukalia juu, maji yakiingia yatoka yenyewe kwa matundu, haizami kirahisi. Ni pana pia, nyingi sentimita 80 hadi 95, kwa hivo hazipinduki kirahisi. Lakini hazipinduki kirahisi si sawa na hazipinduki, na upana huo huo unaokuzuia kupinduka ndo unaofanya ubavu uwe juu ukitaka kurudi, na kayaki ikiwa imelala chini juu, kilo 40 kwenda juu, kuigeuza ni shughuli. Njia ya kawaida ya kurudi ni hii: wakaa ubavuni karibu na kiti, walaza mwili uelee kwa tumbo, wapiga miguu kwa nguvu, wajisukuma kifua kivuke juu ya kayaki, watulia hapo, halafu wageuza makalio mpaka yafike kwenye kiti, miguu mwisho. Ona mikono yatumika wapi: ile sekunde ya kujivuta. Kama daktari alikwambia usijivute, sekunde hio ndo yenye hatari.

Dawa yake ni kitanzi cha mguu. Chukua mkanda mpana wenye nguvu, mfano ule wa kufungia mizigo, funga kwenye kishikio imara cha ubavu wa PILI, upite juu ya kayaki, ushuke ubavu uliko wewe, mwisho wake uwe na kitanzi kinachofika karibu na magoti ukiwa unaelea. Wakanyaga kitanzi, wasimama kwa mguu, mwili wapanda wenyewe na mikono yaelekeza tu. Ukiufunga ubavu huu huu uliko wewe, kayaki itakulalia. Kitanzi kiwe kimeshikizwa mahali mkono wafika, na kisiachwe kining'inie mwendoni, kikinasa mtambo au mguu ni balaa. Na mtambo ufunge kamba yake fupi, ukipinduka usiende chini.

Hili ulijaribu kabla ya kulipa, sio baada. Maji ya kifuani, siku tulivu, laifujaketi umevaa, mtu mzima pembeni yako, uipindue makusudi, uigeuze, urudi. Halafu urudie tena ukiwa ushachoka kidogo. Kama huwezi, hata na kitanzi, hio kayaki si yako, haijalishi bei imeshuka vipi, tafuta yenye ubavu wa chini zaidi hapo katikati. Kama muuzaji hakubali ijaribiwe majini, mwambie asante uondoke. Na kama hakuna kayaki hata moja unayoweza kurudi juu yake peke yako, si mwisho wa dunia, kuna za watu wawili, au utakuwa unatoka na mwenzio siku zote wala si mara moja moja, lakini jambo hilo liwe limeamuliwa nchi kavu.

Laifujaketi yenyewe chagua ya kifungo cha mbele unachoweza kukifunga kwa mkono mmoja mzuri, na mgongo wake usijazane na egemeo la kiti.

Kiti ni maneno machache. Ukisukuma pedeli mgongo wasukumwa nyuma, kwa hivo egemeo likilegea utajishika kwa mikono bila kujua na jioni utashangaa bega lauma na hukupiga kafi. Egemeo liwe gumu, pedeli zisogezwe mpaka mguu ukifika mwisho goti bado limekunja kidogo. Komeo au skrubu ya kusogeza uijaribu mwenyewe kwa ule mkono mbovu.

Kafi lazma ubebe, hata ukiwa na pedeli nzuri namna gani, chukua jepesi na ulifunge. Lakini kwa mtu wetu huyu mimi nategemea zaidi kamba ya kuvutwa, mita 10 hivi, na mwenzio mwenye chombo. Firimbi shingoni, simu kwenye mfuko usioingia maji.

Kuhusu wapi pa kuanzia. Ndani ya mwamba Nyali na Bamburi maji yakijaa, au hori (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu) ya Tudor, au Mtwapa, kuna mikoko na maji yametulia. Hori nzuri ni kupanda nayo maji yakijaa na kurudi yakianza kupwa, unasaidiwa njia zote mbili, ila Tudor kumbuka maji yakitoka kwa nguvu yateremka kupita Mji wa Kale mpaka mlangoni pale Fort Jesus na baada ya hapo ni bahari wazi, kwa hivo usisubiri mkondo uchangamke. Mwendo wa kustarehe wa pedeli ni kilomita 5 kwa saa hivi, mkondo wa bamvua waweza kukushinda. Mkondo wa Kilindini usiingie, meli za bandarini haziwezi kukukwepa na feri za Likoni zakata pale mchana na usiku. Kusi ikiwa imekaza, Juni mpaka Agosti, toka asubuhi mapema au usitoke, matlai, ule upepo mpole wa mashariki, ndo wakati mtamu wa kujifunza. Siku zote anza kwa kwenda dhidi ya upepo, miguu ikiwa mipya, ili upepo ukurudishe. Na kama wataka kuvua, jua Mombasa Marine Park iliyotengwa 1986 uvuvi ndani yake hauruhusiwi, ulizia KWS, shirika la wanyamapori, mipaka kabla.

Mwisho ni kununua. Nyingi huja kutoka nje, na ukiagiza utalipia meli, ushuru na wakala wa kuitoa bandarini, uliza jumla yote kabla hujatuma hata senti. Ukipata iliyotumika, lala chini uangalie tundu la mtambo kama plastiki imepasuka pembeni, ndo mahali panapobeba nguvu zote. Zungusha pedeli kwa mkono usikilize, mchanga ndani wajulikana kwa sauti. Propela ivute juu chini, ikicheza sana beringi zimekwisha. Mapezi yatazame kwa mbele kama vyuma vimenyooka, na nyaya au cheni zake kama hazina kutu. Jina la kampuni lisilojulikana si dhambi, lakini uliza spea zatoka wapi, na kama jibu ni la kubabaika, bei ile nafuu utailipa mara ya pili.

Kila ukirudi, mtambo utoe nje uoshe kwa maji baridi, na maji baridi namaanisha yasiyo na chumvi, manake visima vingi vya mtaani kwetu maji yake yenyewe ni ya chumvi, hapo waosha chumvi kwa chumvi. Tumia ya bomba au ya mvua. Tia grisi pale kitabu chake kinaposema, osha na mirija ya kamba za usukani, sababu usukani mgumu ni kiwiko chako. Usiuhifadhi mtambo ukiwa ndani ya tundu lake, mchanga wakauka humo na wiki ijayo hautoki bila kuvutwa kwa nguvu. Na siku ile ile unayolipa kayaki nunua na pezi moja la akiba au propela ya akiba pamoja na pini zake, zije kwenye mzigo huo huo, sababu kikivunjika Julai na spea iko Marekani, utarudi kwenye kafi.